Madirisha ya Upande wa Kushoto

Jumanne, saa moja na nusu asubuhi, Daktari aliegesha pikipiki nje ya zizi la mjomba wake, akavaa gambuti, akakanyaga kwenye beseni la dawa, akaingia. Kwa kweli hakuwa daktari. Alikuwa afisa ugani wa mifugo, kazi yake kuwazungukia wanachama arobaini wa chama cha wanenepeshaji ng'ombe na kuwaelekeza mambo ya chakula, chanjo, minyoo na kupe. Lakini mtu akishaingiza mkono ndani ya ng'ombe wako mpaka begani, huwezi tena kumwita afisa.

Maksai walikuwa tisa. Kila Jumanne alianza kazi kwa namna moja. Alisimama upande wa kushoto wa ng'ombe, akakunja ngumi, akaibonyeza kwenye shimo la njaa, pale nyuma ya ubavu wa mwisho, akahesabu kwa dakika mbili tumbo linajisukuma mara ngapi. Mara tatu, ng'ombe mzima. Mara moja, usimwache. Siku hiyo ngumi iligonga kioo.

Lilikuwa dirisha la kawaida. Vioo viwili, fremu ya mbao iliyopigwa vanishi, komeo dogo la chuma kwa chini, ukubwa wa sinia la chai. Daktari alitoa kitambaa, akafuta ukungu, akaenda kwa wa pili. Naye alikuwa nalo. Wote tisa walikuwa nalo. Aliandika kwenye daftari: dirisha, kushoto, ngozi pembeni safi, hakuna usaha.

Mjomba wake alitokea na ndoo ya maji. Wafugaji wenzake walimwita Taratibu, kwa sababu hata akifukuzwa na nyuki alitembea.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mama. Umeyaona?"

"Nimeyaona. Yametoka lini?"

"Jana jioni hayakuwepo. Asubuhi ndiyo nimeyakuta. Nilichokuwa nawaza mimi ni upepo. Hautawaingia?"

"Yana mpira pembeni. Hauingii."

"Basi afadhali," alisema Taratibu, akaweka ndoo chini.

Ng'ambo ya uzio, Jirani alikuwa anafuta ya kwake kwa gazeti. Alikuwa mama mmoja mwenye maksai wanne na sauti ya kutosha maksai arobaini. "Daktari!" alipiga kelele. "Ya kwangu yanafunguka kwa nje! Ya mjomba wako je?"

"Kwa nje pia."

"Ah. Nilidhani nimependelewa."

Daktari aliinama akachungulia ndani ya yule wa kwanza. Kwa wiki tatu alikuwa anatafuta ugonjwa wa ng'ombe hawa bila kuupata. Manyoya yalikuwa yamefifia, mavi magumu kama tofali, na wengine walikuwa wanalamba ukuta mpaka chokaa imeisha. Aliwapa dawa ya minyoo. Alipima joto. Alichukua damu akaipeleka maabara, damu ikarudi na jibu kwamba ni damu. Sasa aliona. Mahali ambapo pangetakiwa kuwa na majani, pumba na mashudu vikigeuzwa polepole kama nguo kwenye beseni, palikuwa na maranda ya mbao. Maranda ya randa, yale ya kujikunja, yamelowa na kushindiliana tabaka juu ya tabaka, hayaendi mbele wala nyuma. Katikati yake kulikuwa na penseli ya seremala, ile bapa, nyekundu, imechongwa vizuri kabisa.

Chakula kilitoka kwenye kinu cha chama. Ilikuwa sheria: mwanachama analisha chakula cha chama, na anayelisha kingine anafutwa kwenye orodha ya lori. Lori lilikuwa moja, na kutoka upande ule machinjio yalipokea ng'ombe wa lori hilo tu. Lingekuja Jumamosi ya wiki iliyofuata, saa mbili asubuhi. Aliyekosa lori aliwatembeza ng'ombe wake siku nne mpaka mnada mwingine, na Daktari, akiwatazama wale tisa, aliona wasingetembea hata mbili. Hao tisa ndio waliokuwa mwaka mzima wa Taratibu. Na Taratibu ndiye aliyemlea tangu yuko darasa la nne, mama yake, dada wa Taratibu, alipofariki. Ndiye aliyemfundisha kumshika ndama bila kumtisha.

Kwenye kila gunia la chakula kulikuwa na picha ya Daktari akitabasamu, na chini yake: Kwa Ushauri wa Mtaalamu.

Alikwenda kinuni siku hiyohiyo. Kinu kilipakana na karakana ya useremala, ukuta mmoja, na ukutani kulikuwa na tundu la kupitisha gunia. Fomula aliyowaandikia ilikuwa bado imebandikwa pale juu, kwa mwandiko wake: majani makavu, pumba, mashudu ya alizeti, molasesi, madini. Mwenyekiti wa chama alikuwa ameketi chini yake, anachokonoa meno.

"Mwenyekiti, ng'ombe wanakula maranda."

"Wanakula nyuzinyuzi," alisema Mwenyekiti.

"Ni maranda. Nimeyaona dirishani."

"Hata mimi nimeyaona. Nimefurahi sana. Wewe si ndiye ulitufundisha pale shuleni, mwezi wa tatu? Mimi nilikaa mbele, nikaandika." Akafungua droo, akatoa daftari, akasoma kwa kidole: "Ng'ombe akikosa nyuzinyuzi tumbo linasimama. Ng'ombe ana uwezo wa kula kile binadamu asichoweza kula. Umesema, hujasema?"

"Nimesema."

"Sasa mbao binadamu anaweza kula?"

Daktari alitazama mwandiko wake ukutani. Ni kweli alikuwa amesema, siku ya jua kali, watu wanasinzia, akaamua kurahisisha. Sehemu ya aina za nyuzinyuzi alikuwa ameiacha ili watu wawahi kula.

"Ng'ombe hawezi kumeng'enya mbao, Mwenyekiti. Watakufa kabla ya lori."

"Watashiba kabla ya lori," alisema Mwenyekiti kwa upole. "Usiwatie watu hofu, dada. Picha kwenye gunia ni yako, siyo yangu."

Alhamisi alikufa wa kwanza. Alilala chini saa nne, saa sita dirisha lake likajaa ukungu kwa ndani, na saa saba Taratibu alipolifuta kwa nje haukutoka. Walimfukia nyuma ya zizi, dirisha likiwa limefungwa. Taratibu alihakikisha komeo mara mbili.

"Mjomba, acha chakula cha chama."

"Nitakosa lori."

"Nani atajua? Wanachokagua ni magunia matupu. Utawaonyesha magunia matupu."

Taratibu alifikiri kwa muda wake wa kawaida, ambao ungetosha mtu mwingine kuoga. "Na hayo yaliyomo?"

"Nitayatoa mimi."

Ijumaa mchana walifanya kazi. Daktari alivaa glovu ndefu, akainua komeo la kwanza, akafungua dirisha. Harufu iliyotoka ilikuwa ya karakana iliyofungiwa mwezi mzima na mvua. Alichota maranda kwa mikono miwili, akatia ndoo, Taratibu akamwaga. Kila ng'ombe ndoo sita. Ng'ombe walisimama wametulia, wanatazama mbele, kama watu kwenye kiti cha kinyozi. Kwenye yule wa tano walikuta bawaba. Kwenye wa saba, msasa, bado unakwaruza.

Lakini tumbo tupu halijianzishi lenyewe. Ndani ya tumbo la ng'ombe kuna wadudu wasioonekana ambao ndio wanaommeng'enyea, na hao walikuwa wameshakufa njaa. Ilibidi achote maji ya tumbo la ng'ombe mzima, ayachuje, ayatie yakiwa na moto wake. Daktari alichukua chupa ya chai ya mke wa mjomba, akapanda pikipiki, akazunguka kwa wafugaji kumi na wawili, akichungulia. Maranda. Maranda. Maranda na kipande cha gundi.

Ng'ombe mzima alimpata kwa Mwenyekiti. Alikuwa wa maziwa, wa nyumbani, amefungwa kivulini karibu na geti. Dirisha lake lilikuwa safi, na ndani yake mlikuwa na fomula yote kama ilivyoandikwa: majani, pumba, mashudu, hata madini yamekaa chini kama mchanga mweusi. Tumbo lilijigeuza mbele ya macho yake, polepole, mara tatu kwa dakika mbili. Daktari alilitazama kwa dakika nne.

Mke wa Mwenyekiti alitoka na kikombe cha chai.

"Karibu, Daktari. Unataka kuchota?"

"Lita tatu tu, mama."

"Chota, chota. Wengi mnasumbuka huko. Huyu, bwana wangu hataki aguse cha gunia, anasema kinamharibia maziwa." Alimsaidia kushika dirisha lisijifunge. "Na hilo komeo linakwama, livute juu kwanza. Ehee."

Usiku huohuo aliwatia maksai wote wanane yale maji, na Jumapili walisimama bila kuyumba. Jumatatu walikula majani. Jumatano wote wanane walikuwa wanacheua, na Taratibu alileta kigoda akakaa mbele ya dirisha la yule mkubwa, mkono shavuni, kama mtu anayefuatilia mpira. "Ona, ona, inageuka," alimwambia Daktari. "Inapanda. Haya. Imerudi. Mama, huku ndani kuna kazi kuliko ofisini kwenu." Daktari alicheka. Manyoya yalianza kurudisha rangi. Ng'ambo ya uzio wa Jirani, maksai wawili kati ya wanne walikuwa wamelala chini.

"Daktari!" Jirani aliita. Sauti ilikuwa imepungua. "Hawa wangu nao mbona hivi?"

"Nakuja," alisema Daktari. Lakini kinuni walikuwa wameanza kuuliza kwa nini pikipiki yake inalala kwa Taratibu, na akiingia kwa Jirani na ndoo, kabla ya jioni chama kizima kingejua. Alimwambia awape madini ya kulamba. Jirani akawapa madini ya kulamba.

Ijumaa saa kumi alasiri lilibandikwa tangazo kwenye ukuta wa kinu. Sehemu ya kwanza ilisema kila ng'ombe wa lori avae pazia la bluu, kwa heshima ya machinjio. Fundi cherehani alikuwa ameshakata vitambaa. Sehemu ya pili ilisema kwamba, kwa kuwa sasa ng'ombe wana madirisha, chama hakitahangaika tena na magunia matupu. Kesho wakati wa kupakia, Mwenyekiti atachungulia mwenyewe. Ng'ombe ambaye dirishani mwake hakitaonekana chakula cha chama hatapanda, wala mwenye ng'ombe hatapakia msimu ujao.

Daktari alisoma tangazo mara mbili. Kisha akapiga simu machinjioni, kwa mkaguzi, ambaye alimfahamu.

"Kaka, kesho ukiwapokea, vuta pazia. Angalia ndani."

"Nimeshaangalia wa sehemu nyingine," alisema mkaguzi. Alisikika anatafuna kitu. "Maranda."

"Sasa?"

"Sasa fomu yangu ina macho, pua, mdomo, kwato na ngozi. Dirisha halimo. Nikiandika dirisha, naandika wapi?"

"Pembeni."

"Pembeni panatakiwa pawe safi, dada."

Jumamosi alifika kwa mjomba saa kumi na moja alfajiri, mwanga ndiyo kwanza unapasuka. Taratibu alikuwa ameshaamka. Alikuwa amesimama kushoto kwa yule mkubwa, dirisha wazi, gunia la chama limefunguliwa miguuni, picha ya Daktari imekunjika katikati ya tabasamu. Mkononi alishika kopo limejaa maranda. Maranda yalikuwa yanadondoka kwenye fremu.

"Mjomba."

"Usinisemeshe, mama. Nikisemeshwa nitaacha."

"Ukiwajaza makavu hivyo, watavimba njiani. Hawafiki."

"Nisipowajaza hawapandi. Nikiwatembeza, siku ya pili wananilalia barabarani. Nimewaza tangu jana, na unajua mimi nikiwaza." Alimgeukia. "Wewe umesoma. Niambie ya tatu, nitaifuata."

Ng'ombe yule alikuwa anacheua. Nyuma ya mkono wa mzee, tumbo lilijigeuza mara moja, kijani kitupu. Jogoo wa mtu aliwika. Kutoka barabara kuu ulisikika mngurumo wa gari kubwa, ukapita. Halikuwa lori lao.

Daktari alivaa glovu.

"Lete beseni la maji," alisema. "Loweka kwanza, yashikane. Unaweka mbele tu, kwenye kioo, unene wa vidole viwili. Nyuma yake tunaacha majani kama yalivyo. Kwa nje itaonekana imejaa."

Taratibu alileta maji. Hakutembea, alikimbia. Walianza na mkubwa. Daktari alipaka maranda kwenye kioo kwa ndani, kiganja kwa kiganja, kama mtu anayekandika ukuta, akasawazisha pembeni, akafunga dirisha, akarudi nyuma hatua mbili akatazama. Pengo lilikuwa juu kulia. Akafungua akaliziba. Wa pili. Wa tatu. Kwa wa nne maranda yalitelemka kila alipoyaweka, kwa sababu tumbo lilikuwa linafanya kazi vizuri na lilikuwa linayavuta. Ilibidi angoje lijigeuze, aweke haraka, afunge. Saa moja kasoro robo waliishiwa na maranda. Taratibu alikwenda nyuma ya zizi, akarudi na yaleyale waliyoyatoa wiki iliyopita.

Saa moja na robo walifunga mapazia.

Lori lilikuwa limeegeshwa kinuni, mlango wa nyuma chini. Mwenyekiti alisimama pembeni ya ngazi na orodha. Kila ng'ombe alipofika, alivuta pazia kwa vidole viwili, kama mwenye nyumba ya wageni, akachungulia, akarudisha pazia, akaweka tiki. Wengi waliyumba. Mmoja wa mwalimu mstaafu alipiga magoti mbele ya ngazi, akasukumwa. Maksai wa Jirani walifika wawili, na mmoja wao aliteleza kwenye ngazi akashindwa kuinuka. Akaburutwa pembeni, na yule mwingine akarudishwa, kwa maelezo kwamba mmoja peke yake anaharibu hesabu ya nafasi.

Wakaja wanane wa Taratibu. Walipanda barabara ile kwa mstari, mgongo umenyooka, manyoya yanang'aa, kwato zinalia. Watu waliwapisha. Mwenyekiti aliwatazama kwa muda mrefu. Alimsimamisha yule mkubwa, akavuta pazia.

Daktari alikuwa karibu kiasi cha kuona kioo. Kwa ndani, kona ya chini, rangi ya kijani ilianza kutokeza, kama ukubwa wa kucha. Ikaongezeka ikawa kama kidole. Tumbo lilikuwa linakaribia kujigeuza. Daktari alihesabu. Taratibu, aliyeshika kamba, alikuwa anatazama juu ya paa la kinu, midomo imebanwa.

"Hebu," alisema Mwenyekiti. Akainamisha kichwa.

Kisha akaachia pazia, akageuka kwa watu, akapaza sauti.

"Mmeona? Mmeona wenyewe? Njooni, msiogope, njooni mchungulie! Maranda mpaka kwenye kioo! Na ng'ombe ndiyo huyu! Nani alikuwa anasema chakula hakifai?"

Watu walisogea. Walivuta mapazia, wakachungulia, wakapapasa mgongo, wakatazamana. Mwenyekiti alimwita kijana wa picha za pasipoti kutoka ng'ambo ya barabara, akamsimamisha Taratibu kushoto na Daktari kulia, maksai mkubwa katikati, pazia wazi. "Hii ndiyo inakwenda kwenye gunia," alisema. "Daktari, cheka kidogo. Unakuwa kama una deni."

Wanane walipanda. Hakuna aliyeteleza. Lori liliondoka saa mbili na dakika tano, na kwa mbali, mapazia ya bluu yakipepea kati ya mbao za ubavuni, lilionekana kama nyumba ya watu waliohamia karibuni. Taratibu alilisindikiza kwa macho mpaka likapinda. Kisha akakaa chini, palepale kwenye vumbi, akavuta pumzi.

Kinuni foleni ilikuwa imeshaanza. Aliyekuwa analisha debe moja alisema ataongeza. Mtu mmoja alisema pumba ile kidogo iliyomo huenda ndiyo inayoharibu, itolewe kabisa.

Jirani hakwenda kwenye foleni moja kwa moja. Alikuja kwanza kwa Taratibu, amemshika kamba yule maksai wake mmoja aliyerudishwa. Dirisha la yule maksai lilikuwa na ukungu nusu.

"Kaka," alisema, "mmoja kafa jana, na aliyeteleza hainuki tena. Nimebakiwa na huyu na yule aliyelala nyumbani. Niambie ukweli, sisi ni majirani. Wa kwako ulikuwa unawapa debe ngapi?"

Mwenyekiti alikuwa hatua tatu kutoka pale, na orodha ya msimu ujao, anatafuta kalamu. Taratibu alimtazama Jirani. Akamtazama ng'ombe. Kwa mara ya kwanza tangu watu wamfahamu, alijibu bila kufikiri.

"Debe mbili," alisema. "Asubuhi na jioni."

Jirani alimgeukia Daktari. "Kweli, Daktari?"

Daktari alikuwa ameshaweka kiganja juu ya kioo cha yule maksai, kushoto, nyuma ya ubavu wa mwisho. Alikuwa anahesabu. Alihesabu dakika mbili kamili, na kwa dakika mbili kamili hakuna kitu kilichosogea.

"Mpe na maji mengi," alisema.

Jirani aliomba kalamu kwa Mwenyekiti, akaandika kwenye kiganja chake: mbili, maji mengi. Akashukuru, akamfunga ng'ombe kwenye nguzo, akaenda kupanga foleni.